Sura ya Saba: Shafti ya Kushoto

Elick alitolewa mahabusu akiwa peku, ameishikilia suruali kwa mkono mmoja kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umebaki kaunta. Alipofika nyuma ya kituo na kuliona gari limefunikwa turubai, miguu ikagoma.

"Sogea," Koplo Shibuda alimwambia. "Limeshakufa hilo, haliwezi kukuuma."

"Maelezo nilishatoa, afande."

"Uliyatoa kwa mwingine," alisema Mkaguzi Msaidizi Adelfina. "Mimi nataka unionyeshe kwa mikono. Shibuda, mfungue pingu."

Shibuda alimtazama mkubwa wake kidogo, kisha akafungua.

Adelfina alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Bukiriro, mwenye tabia moja iliyowachosha wenzake: hakukubali jambo kwa sababu tu kila mtu amelikubali. Na safari hii kila mtu alikuwa amekubali. Jovina, mkunga wa zahanati huko Nemba, alikufa Jumanne ya wiki iliyopita, gari lake lilipoacha njia mteremkoni akija Biharamulo mjini na kutumbukia bondeni. Wiki chache kabla ya hapo, Elick, fundi wa Kasulo upande wa Ngara, ndiye aliyelitoa gari hilo giaboksi ya otomatiki iliyokufa na kulifungia ya gia za mkono. Mkaguzi wa magari aliyeshuka bondeni alikuta shafti ya kushoto, kile chuma kirefu kinachochukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye gurudumu, imechomoka. Ilichomoka, ikapigapiga huku na huku, ikakata mpira wa breki. Gari lisiloshikwa na injini wala breki, kwenye mteremko ule, ni jiwe linaloporomoka. Fundi kafunga vibaya, mkunga kafa. Jalada lilikuwa limeiva, na kesho yake Elick angepandishwa kizimbani. Huko Nemba vijana walikwisha kuapa kwamba akiachiwa wataichoma gereji yake naye akiwa ndani.

Ripoti Adelfina hakuipinga. Kilichomkera ni muda. Gari lile lilikuwa limezunguka wiki kadhaa tangu litoke gereji, likibeba wajawazito kwenye njia za mashimo, wala hakuna aliyeona hata tone la mafuta chini yake. Kitu kilichofungwa vibaya hakingojei wiki kadhaa ndipo kikuumbue.

Shibuda alivuta turubai. Gari lilikuwa limelalia ubavu wa kulia lilipoanguka, kwa hiyo upande huo ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa. Upande wa kushoto mbele ulikuwa mzima karibu wote. Walilipandisha kwa jeki, gurudumu likaning'inia.

"Anza na kulia," Adelfina aliagiza. "Ivute."

Elick aliingia uvunguni. Aliishika shafti ya kulia karibu na giaboksi, akaivuta kwa nguvu zake zote hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Haikutikisika.

"Kwa nini haitoki?"

"Kuna klipu, afande. Kipete cha chuma kwenye ncha ya shafti. Ukiisukuma ikifika mwisho, kile kipete kinaingia kwenye mfereji wake ndani ya giaboksi, unasikia *ta!* Hapo haitoki mpaka uichokonoe kwa mtaimbo."

"Sasa kushoto. Irudishe ndani."

Elick aliichukua shafti ya kushoto, akailenga kwenye tundu, akasukuma. Meno yaliingia bila kugombana. Aligonga kwa nyundo ya mpira, akatega sikio, akagonga tena. Hakuna kilicholia. Akaishika kwa vidole, akavuta, nayo ikatoka taratibu kama kijiti kwenye uji.

"Umeona?" Shibuda alisema. "Kazi yako hiyo."

Elick alibaki ameishikilia shafti, anaitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Tuanze mbali," Adelfina alisema. "Huenda giaboksi yenyewe haikuwa ya gari hili."

"Ni yake. Upande wa kulia umeshika."

"Mauntini za injini? Injini ikikaa upande, shafti moja haifiki."

Elick aliangaza kwa tochi. Vile vishikizi vya injini vilikuwa vinne, na vyote vilikuwa na bolti zake. Hakuna kilichokatika wala kusogea. Adelfina naye akainama akavihakikisha kimoja kimoja, magoti yakiwa kwenye changarawe. Kisha akaomba utepe wa kupimia.

"Hapana, afande," Elick alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usihangaike kupima. Hii ni fupi. Naijua."

"Unaijua vipi?"

Elick aliilaza shafti kwenye changarawe.

"Elick. Kwenye maelezo yako umesema ulifunga kazi bila tatizo lolote. Jirani yako wa gereji pale Kasulo kaniambia gari hili lilikaa juu ya mawe siku nyingi, unashinda uvunguni unalalamika shafti haishiki. Nani kati yenu ananidanganya?"

Fundi aliketi chini palepale, mgongo kwenye gurudumu.

"Mimi," alisema. "Niliogopa. Nilijua nikitamka tu kwamba shafti ilinisumbua, nimejifunga mwenyewe."

"Tamka sasa."

"Gari lilikuja na shafti zake za otomatiki. Giaboksi ya gia za mkono nikaipata peke yake, haina shafti. Nikasema nijaribu zilezile. Ya kulia ikakubali, ndiyo hiyo mnayoiona. Ya kushoto ikaingia kwa sababu meno ni sawasawa, ila haifiki kwenye klipu. Imepungua kama upana wa vidole viwili. Basi nikaagiza shafti ya kushoto ya gia za mkono, ikaja na basi kutoka Kahama. Ile nilipoisukuma ikalia *ta!* mpaka wateja wakasikia. Hiyo ndiyo niliyoifunga, afande. Siyo hii. Hii nilimrudishia mwenye gari, ndani ya kiroba, pamoja na takataka zingine za otomatiki."

"Fundi akibanwa hakosi la kusema," alisema Shibuda.

Adelfina alikuwa ameipeleka ncha ya shafti kwenye jua. Meno ya chuma kinachofanya kazi hung'arishwa na kazi yenyewe. Haya yalikuwa na kutu ya kahawia karibu urefu wote, na kwenye ncha tu palikuwa na mng'aro mwembamba, mpya. Chuma hiki hakikuwa kimetembea wiki. Labda kilitembea asubuhi moja.

Alihamia kwenye gurudumu. Katikati yake kulikuwa na nati kubwa inayoikamata shafti upande wa nje, na nati hiyo hufungiwa pini isilegee.

"Pini za upande huu na ule uliweka wewe?"

"Zote mbili. Mpya, za dukani."

"Kulia ipo ya dukani. Hii je?"

Elick alisogeza uso. Kwenye tundu la nati ya kushoto palikuwa pamepitishwa waya mgumu uliokunjwa ncha kwa koleo, ukiwa na michirizi myembamba kama ya skrubu upande mmoja.

"Spoku ya baiskeli," alisema polepole. "Mimi siweki spoku. Nimeona watu wamekufa kwa mambo hayo."

Shibuda alichukua kamera ya kituo akaanza kupiga picha bila kuambiwa.

"Swali la mwisho," Adelfina alisema. "Ilipokataa kushika kule gereji, nani mwingine aliona?"

"Mume wa marehemu. Bwana Frednand. Yeye ndiye aliyekuwa akilifuatilia gari, na kiroba kile alikichukua yeye. Nilivuta shafti mbele yake, kwa mkono hivi, ikatoka. Nikamwambia, kaka, nikiliachia hivi hata getini halifiki."

"Ulimvutia likiwa juu ya jeki?"

"Ndiyo."

"Shibuda, teremsha jeki."

Waliirudisha shafti kwenye tundu, wakaliteremsha gari mpaka likakalia tairi zake. Uzito uliposhuka, gurudumu lilipanda juu, na shafti ikasukumwa ndani zaidi. Adelfina aliingiza mkono akaivuta. Haikutoka. Alivuta kwa mikono miwili. Haikutoka.

Elick alitoa macho. "Mungu wangu. Kwa hiyo kwenye lami iliyonyooka…"

"Inakaa. Mpaka pale gari litakapoegemea kwenye kona na gurudumu la kushoto kuning'inia." Adelfina alisimama akajikung'uta magoti. "Mpe viatu vyake, Shibuda. Na mkanda. Mahabusu atarudi, huko Nemba bado hawajapoa. Ila mpe mkanda wake."

*

Nemba walifika jua likiwa kichwani. Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya zahanati, imezungukwa na migomba, na uani majivu ya moto wa matanga yalikuwa bado hayajazolewa. Adelfina alikuwa na hati ya upekuzi mfukoni na mwenyekiti wa kitongoji ubavuni awe shahidi. Chini ya mti wa parachichi alikaa mama mtu mzima anapukuchua maharage kwenye ungo. Huyo alikuwa Secilia, mama mzazi wa Frednand, mkwe wa marehemu.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa." Aliwatazama askari, akamtazama mwenyekiti, mikono ikaendelea na maharage. "Mmemleta yule fundi?"

"Hapana, mama. Tumekuja kuangalia vyuma."

Frednand alitoka ndani akiwa amevaa shati la marehemu baba yake, jeusi, lililompwaya. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Rusumo kabla ya kuoa. Aliwakaribisha vizuri, akaagiza viti.

"Fundi alikurudishia vyuma vya zamani vya gari," Adelfina alianza kabla hajakaa. "Viko wapi?"

"Vile? Nilimpa mnunuzi wa chuma chakavu."

"Lini?"

"Zamani. Gari lilipotoka tu gereji."

"Kiroba kile?" Secilia aliuliza bila kuinua uso. "Kile si kiko stoo, kimeegemezwa kwenye mlango usipigwe na upepo?"

Frednand alicheka kidogo. "Mama anachanganya. Umri."

Stoo ilikuwa na magunia ya maharage, majembe na baiskeli iliyoinuliwa ukutani. Kiroba kilikuwapo nyuma ya mlango. Shibuda alikimwaga sakafuni mbele ya mwenyekiti: mkono wa gia ya otomatiki, kebo zake, sili mbili za kuzuia mafuta, zilizochakaa. Shafti haikuwamo. Adelfina alilizungusha gurudumu la nyuma la baiskeli kwa kidole, likapita taratibu mbele ya macho yake. Spoku zote zilikuwa na kutu moja. Mahali pamoja palikuwa na pengo.

"Baiskeli ya nani?"

"Yangu," alisema Frednand. "Spoku zinakatika, afande. Barabara zetu unazijua."

"Nazijua. Ikikatika, kipande hubaki kwenye tundu lake. Hii imefunguliwa kwa koleo." Aligeuka. "Bwana Frednand, Jumatatu, siku moja kabla ya ajali, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Shambani. Muulize mama."

Wote walimgeukia Secilia, aliyekuwa amewafuata mpaka mlangoni. Adelfina alijua kwamba hapo ndipo kesi nyingi hufia. Mama hamtoi mwanawe, na hakuna hakimu anayemlaumu.

"Alikuwa hapa," Secilia alisema. "Jovina alikuwa kazini, gari limebaki nyumbani. Huyu alikuwa chini ya gari tangu asubuhi. Nilimuuliza, akasema anabadilisha mafuta."

"Mama!"

"Nimesema uwongo?"

Frednand alifuta jasho. "Nilibadilisha mafuta. Kubadilisha mafuta ni kosa?"

"Si kosa," Adelfina alisema. "Mama, baada ya mafuta alifanya nini?"

Mama yule alijifunga khanga upya, akatangulia kuingia migombani. Walimfuata wakikanyaga majani makavu yaliyokuwa yakipasuka chini ya viatu. Alisimama mbele ya mche mmoja uliokauka, majani yamejikunja kama sigara.

"Alipanda huu," alisema. "Jumatatu jioni. Nikajiuliza, kiangazi chote hiki, mkulima gani anapanda mgomba? Nikafikiri labda kachanganyikiwa na mambo ya mdogo wake. Baada ya mazishi nikaja kuumwagilia, ardhi ikagoma kunywa. Kuna kitu chini. Sikuchimba. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Shibuda alichukua jembe. Hakuchimba sana. Jembe liligonga chuma, na mwenyekiti wa kitongoji akajishika kichwa. Shafti ilitoka imefungwa kwenye mfuko wa mbolea, ndefu, safi, meno yake yakimeta urefu wote. Adelfina aliiweka kando ya ile fupi aliyokuja nayo kwenye gari la polisi. Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili.

"Frednand, huna lazima ya kusema neno lolote," alisema. "Ukisema, nitalitumia mahakamani."

Frednand alikuwa amechuchumaa, mikono kichwani.

"Sikutaka afe," alisema. "Sikutaka, afande. Fundi alisema hata getini halifiki. Kwa masikio yangu nilimsikia. Nilitaka lizime hapa hapa uani, akose usafiri, akose kufika."

"Kufika wapi?"

"Mahakamani. Kesi ya Rogasian."

Adelfina aliijua kesi hiyo, nani asiyeijua. Rogasian, mdogo wake Frednand, alishtakiwa kumpa mimba mwanafunzi, binti anayeitwa Nice. Binti alikimbilia kwa mkunga, akamwambia yeye tu. Jumanne ile Jovina alikuwa atoe ushahidi. Mahakama ilimngoja, hakutokea, na wakili wa Rogasian akaomba kesi ifutwe kwa kukosa shahidi. Hakimu akaiahirisha kwa mara ya mwisho.

"Nilimsihi," Frednand aliendelea. "Nilimwambia ni shemeji yako huyu, utamfunga kwa mdomo wako? Akanijibu, mimi nimeapa kwa wagonjwa, sikuapa kwa shemeji. Asubuhi ile nikasimama dirishani. Akawasha. Akatoka. Getini akapita. Nikasema litakatika pale kwenye tuta. Tuta akalivuka."

"Ulikuwa na simu," Adelfina alisema.

Frednand hakuinua kichwa.

"Alipolivuka tuta, ulikuwa na simu mkononi, na namba yake ulikuwa nayo. Ulimpigia?"

Adelfina alilingoja jibu, kisha akamwashiria Shibuda kwa kichwa. Pingu zilizomtoka Elick asubuhi zikapata mikono mingine.

Walipomfikisha uani majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Vijana walewale waliokuwa wameapa kuchoma gereji walisimama, hawajui hasira yao waiweke wapi. Adelfina aliwaambia kwa sauti ya kusikika kwamba fundi wa Kasulo hana hatia, na kwamba atakayemgusa atashughulika naye yeye mwenyewe. Akamgeukia mwenyekiti wa kitongoji. "Hilo nataka lisikike mpaka Kasulo. Leo."

Frednand alipita mbele ya mama yake akiwa ameinamisha macho. Secilia alimfuata mpaka kwenye mlango wa gari la polisi. Wengi walidhani atalia, au atawalaani askari. Alimrekebishia tu kola ya lile shati, akamfunga kifungo cha juu, akarudi nyuma.

"Mwanangu," alimwita Adelfina.

"Naam, mama."

"Hiyo kesi ya Rogasian ndiyo imekufa?"

Adelfina hakuwa na desturi ya kuwadanganya wafiwa. "Imebaki na pumzi kidogo. Itasikilizwa Alhamisi. Binti mwenyewe ataongea, lakini wakili atamwita mwongo. Aliyeyasikia tangu mwanzo alikuwa Jovina peke yake."

"Siyo peke yake."

Shibuda, aliyekuwa ameshashika usukani, alizima injini.

"Yule binti hakuja zahanati," Secilia alisema. "Alikuja hapa nyumbani, mvua inanyesha, ana homa. Jovina alimlaza kitandani kwangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono wakati anaulizwa ni nani. Akalitaja jina. Alilitaja huku ananitazama machoni, maana alijua ni mwanangu."

"Na hukusema."

"Jovina aliniambia, mama, wewe kaa, mimi nitasema. Hili lisikuue." Alitazama migomba, pale palipochimbwa. "Nikakaa. Sasa aliyesema atasema hayupo."

"Mama, unajua unachotaka kufanya? Mmoja ameshaingia kwenye gari hili."

"Nimezaa wawili. Najua kuhesabu." Alianza kufungua fundo la khanga, akalikaza upya, kwa nguvu zaidi. "Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Nitatuma gari likuchukue."

"Usitume," Secilia alisema. "Nitaondoka hapa kesho kwa basi, nilale mjini kwa dada yangu. Sitaki nami kungojwa mahakamani nisifike."

Akarudi chini ya mparachichi, akainua ungo, akaendelea na maharage yake. Majirani walimpisha.